Kupika Uingereza: jibu kwa mnaouliza kama kazi hii ni ya uhakika

Ndugu zangu, baadhi yenu mliosomea upishi mmeniuliza kama kazi ya jikoni huku Uingereza ni ya uhakika, na ilikuwaje kwetu wakati wa korona. Nitayajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu korona ndiyo iliyotuonyesha nani ana kazi ya uhakika na nani hana.

Siku ya Ijumaa, tarehe 20 Machi 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson aliagiza migahawa na baa zote zifungwe usiku huohuo, majokofu yakiwa yamejaa vyakula vya mwisho wa juma. Kilichoruhusiwa kuendelea ni kuuza chakula cha kubeba, na serikali ikalegeza masharti ili mgahawa uweze kufanya hivyo bila kuomba kibali kipya. Ilibidi basi tupike chakula kitakachokaa kwenye boksi na kusafirishwa kwa pikipiki kabla ya kuliwa. Chipsi zikifungiwa na mvuke wake hulegea, kwa hiyo tulitumia maboksi yenye matundu, mchuzi tukauweka kando, na vyakula visivyostahimili safari tukaviondoa kabisa kwenye menyu. Menyu fupi ilikuwa na faida nyingine: mpishi mmoja aliweza kuanza na kumaliza chakula chake bila kupokezana sufuria na mwenzake. Palipokuwa pafinyu mno, wafanyakazi waligawanywa makundi mawili yasiyokutana, ili kundi moja likiugua jingine libaki na jiko. Kuvaa barakoa mbele ya jiko la kuchomea nyama ni mateso, lakini tulivaa.

Jambo lililoniuma zaidi ni harufu. Tarehe 18 Mei 2020 serikali iliongeza kupoteza uwezo wa kunusa na kuonja katika orodha ya dalili rasmi. Mwenzetu mmoja, mpishi hodari kuliko wote niliofanya nao kazi, alirejea baada ya kupona, na vitunguu vikaungua mbele yake bila yeye kuhisi lolote mpaka alipoona moshi. Kwa muda mrefu alipika kwa mizani na saa, na kila mchuzi wake ulionjwa na mtu mwingine kabla haujatoka. Kwa mpishi, huo ni ulemavu wa kazi, na hakuna aliyemlipa fidia.

Sasa fedha. Serikali ilianzisha mpango wa kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango huo ulidumu hadi tarehe 30 Septemba 2021. Hata wahamiaji ambao viza zao zinawazuia kupokea misaada ya serikali waliruhusiwa kunufaika, ilimradi mwajiri awe amewasilisha majina yao kwa mamlaka ya kodi. Waliokuwa wakilipwa mkononi, na wengi wao ni wageni kama sisi, hawakupata hata senti. Malipo ya kisheria ya ugonjwa nayo yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, kiasi kisichotosha kodi ya chumba, ndiyo maana wapo walioingia jikoni wakiwa na homa.

Ofisi ya Takwimu ya Taifa iliripoti kwamba kati ya Machi na Desemba 2020, wapishi wanaume 82 wenye umri wa miaka 20 hadi 64 walifariki kwa UVIKO-19 katika Uingereza na Wales, yaani vifo 103.1 kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha wanaume wote wa umri huo kilikuwa 31.4. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba wote waliambukizwa kazini, lakini anayejua ufinyu wa majiko yetu hazimshangazi.

Milango ilipofunguliwa tena baada ya korona, kazi zilikuwepo, kwa kuwa wapishi wengi hawakurudi. Mwajiri akikuita, mwombe mkataba wa maandishi, uliza kama utapewa hati ya mshahara inayoonyesha kodi iliyokatwa, na uliza utalipwa nini ukiugua. Akikwepa maswali hayo, usimkubalie, hata kama mshahara anaoutaja ni mkubwa.