Je, ni kufuru kusema "tajiri wangu ndiye anayeniruzuku"?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Napakia magunia ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Juzi mwenzangu alisema, "Tajiri wangu ndiye anayeniruzuku." Wenzetu wakamwambia amekufuru, kwani anayeruzuku ni Mungu peke yake. Jamaa kanyong'onyea, hata msikitini haji tena. Neno hili maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na huyo ndugu yetu: hakukufuru. Mfikishieni habari hiyo leo, kabla hamjaendelea kusoma.

Riziki na ruzuku ni mtoto na mama, wote kutoka Kiarabu. Razaqa ni kumpa mtu cha kumfaa, chakula kikiwa mbele. Rizqi ni kile anachopewa. Waarabu wa zamani walisema amiri amewaruzuku askari wake, yaani amewapa posho yao, na hakuna aliyedhani kwamba amiri amefanywa mungu. Wapo wataalamu wa lugha wanaolirudisha neno nyuma zaidi, hadi Kiajemi cha kale, ambako roz ni siku na rozig ni chakula cha siku, kisha likapitia Kisiria ndipo likawafikia Waarabu. Maelezo hayo nayapenda sana. Mtu anayelipwa jioni kwa magunia aliyobeba mchana, shingo ikiwa bado na vumbi la dagaa, hahitaji kamusi kuyaelewa. Na sisi wenyewe tunasema mbolea ya ruzuku, wala hatumaanishi kwamba serikali ni Mola.

Tuje kwenye Qur'ani. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, wasimamizi wa mali wanaamrishwa kuhusu wasioweza kujisimamia: "warzuquuhum fiihaa", walisheni humo. Kitenzi ni kilekile, na wanaoambiwa ni binadamu. Suratul Jumua nayo, aya ya 11, inamtaja Allah kuwa mbora wa wanaoruzuku. Maana yake wanaoruzuku wako wengi, ila Yeye ndiye mbora wao.

Jina la Allah lisiloshirikiwa ni Ar-Razzaaq, yaani Mwingi wa kuruzuku, lililo katika Suratudh Dhaariyaat, aya ya 58. Huyo anatoa bila kupewa na mtu. Tajiri wenu anatoa alichopewa, na ushahidi mnao hapohapo mwaloni: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, naye tajiri anasubiri giza kama mnavyosubiri ninyi. Pesa anayo, boti anayo, lakini kuuzima mwezi hawezi.

Kosa lingekuwa moyoni, kama mtu angeitakidi kwamba tajiri anatoa kwa uwezo wake mwenyewe bila Mungu. Mwenzenu hakusema hivyo. Alimshukuru aliyemlipa, na kushukuru watu ni katika dini.

Kinachonitia hofu ni kauli ya hao waliomkemea. Maimamu Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema: mtu akimwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Kwa hiyo wao ndio wa kwenda kwake. Wamtake radhi kwa maneno ya wazi, mbele ya walewale waliosikia, halafu waongozane naye kwenye swala ya Magharibi.

Wallahu a'lam.