Ripoti ya MRI imesema ubongo mdogo umesinyaa: picha inaonyesha nini, na chanzo kinatafutwaje

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako, pole sana. Umesema ana miaka hamsini na kitu, anatembea kwa kupepesuka, ulimi umekuwa mzito, na ripoti ya MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, imeandika kwamba ubongo mdogo umesinyaa. Unauliza huo ni ugonjwa gani, maana mama hajawahi kugusa pombe na majirani wameshaanza kumsema. Mimi si daktari. Nimemuuguza kaka yangu mkubwa kwa tatizo hilohilo, na ninayoandika nimeyapata kwa kukaa naye kliniki na kuwauliza madaktari maswali mengi.

Kusinyaa ni matokeo tu. Ripoti imekwambia kilichotokea, bado haijakwambia kimesababishwa na nini, na mama hatasaidika vizuri mpaka swali hilo la pili lifanyiwe kazi.

Ubongo mdogo uko kisogoni, chini ya ubongo mkubwa. Ujazo wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini umebeba zaidi ya nusu ya seli zote za fahamu zilizomo ubongoni. Ndio unaopanga mwendo: hatua, mikono, macho, ulimi. Ukiharibika, misuli inabaki na nguvu zake ila mpangilio unapotea. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake anaonekana mlevi.

Kaka yangu alikuwa na kifafa tangu utotoni na alitumia fenitoini, dawa ya kuzuia kifafa, miaka mingi. Kifafa kilipomrudia, dozi ikaongezwa. Baada ya muda akaanza kuyumba, macho yanachezacheza akitazama pembeni, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mtaani wakasema kaanza gongo. Shangazi akataka apelekwe kwa mganga.

Fenitoini ina tabia ambayo kila anayeuguza mtu wa kifafa anapaswa kuijua. Ikishafikia kiwango fulani, ini linazidiwa, na nyongeza ndogo tu ya dozi inaweza kukipandisha kiwango cha dawa kwenye damu mara moja. Mgonjwa anapepesuka kwa sababu dawa imemzidi, na hilo hupungua dozi ikirekebishwa. Ikimzidi kwa muda mrefu, seli ziitwazo Purkinje, zinazopeleka ujumbe kutoka kwenye gamba la ubongo mdogo, huanza kufa, na zikifa hazirudi. Degedege za kurudiarudia nazo zinaweza kuchangia uharibifu huo. Daktari bingwa alimbadilishia kaka dawa polepole. Macho yakatulia na maneno yakaanza kueleweka, lakini mwendo haukurudi kama zamani. Tafadhali, asiyesoma hapa kwa makini asije akamwachisha mtu dawa ya kifafa ghafla: inaweza kuleta degedege isiyokatika, na hiyo inaua.

Sasa picha. Kaka alianza na CT skani, yaani picha ya eksirei inayounganishwa na kompyuta, wakasema hakuna tatizo. CT ni ya haraka na ni nzuri kwa kutafuta damu iliyovuja, lakini kisogoni mifupa minene ya pande zote mbili za masikio huacha michirizi inayoficha mambo. MRI haina shida hiyo. Daktari wa radiolojia, anayesoma picha hizo, huitazama hasa ile picha inayokata kichwa katikati kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu hapo ndipo ubongo mdogo unapoonekana umekunjamana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukisinyaa, kurasa zinaachana, maji yanajaa katikati yake, na chemba ya nne ya maji ya ubongo inapanuka. Uzee nao hupunguza kidogo, kwa hiyo umri wa mama lazima uandikwe kwenye fomu ya kipimo, pamoja na dalili zake.

Mahali palipopungua panaweza kumwelekeza daktari. Pombe ya miaka mingi hula zaidi sehemu ya katikati, upande wa juu na mbele, ndiyo maana miguu huathirika kuliko mikono. Kama shina la ubongo nalo limepungua na lina alama ya msalaba ndani yake, daktari atafikiria ugonjwa unaosinyaza sehemu kadhaa pamoja, ambao pia huleta kizunguzungu cha kusimama na shida ya mkojo. Kwenye ugonjwa wa kurithi uitwao Friedreich, ambao kwa kawaida huanza kabla ya miaka 25, uti wa mgongo wa fahamu (si mifupa yake) shingoni ndio unaokonda huku ubongo mdogo ukionekana karibu mzima. Lakini magonjwa mengi ya kurithi yanafanana sana kwenye picha, na hapo ni kipimo cha vinasaba tu kinachoyatofautisha. Yapo ambayo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi, kwa hiyo uliza wazee wa ukoo nani mwingine aliwahi kuyumba hivi.

Ninachokisisitiza zaidi kwako ni kasi. Kama mama alikuwa mzima na amefikia hali hii ndani ya wiki au miezi michache, usisubiri tarehe ya kliniki. Saratani iliyojificha, hasa ya ovari, titi au mapafu, inaweza kuufanya mwili ushambulie ubongo mdogo wake wenyewe, na mwanzoni MRI inaweza kuonekana safi kabisa, kusinyaa kuje baadaye. Kama imekuja kwa miaka, dawa na urithi vinapanda juu kwenye orodha.

Na yapo yanayotibika, ambayo mimi ningeyadai yapimwe kabla ya mtu kukuambia hakuna la kufanya: tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B1, B12 au E, maambukizi ya VVU na kaswende, na mwili kukataa protini ya ngano. Beba dawa zake zote mkononi, pamoja na zile za kununua duka la dawa. Hata metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, ikitumika muda mrefu inaweza kuleta kuyumba, na mara nyingi hupona ikiachwa.

Omba picha zenyewe kwenye CD, usibaki na karatasi ya ripoti tu. Daktari wa mishipa ya fahamu atataka kuziona mwenyewe. Anza mazoezi ya tiba mapema, toa mikeka inayoteleza njiani, na kama anapaliwa akinywa maji mwambie daktari leo hii.

Tuandikie: ilianza lini, anatumia dawa gani, na je, amewahi kuwa na kifafa?