Sindano ya ganzi kwa mwenye ugonjwa wa misuli wa kurithi

Mwenye ugonjwa wa misuli wa kurithi akienda kung'oa jino huingia na hofu ya ganzi. Lidokaini yenyewe, dawa ya ganzi inayotumika sana, ikichomwa kwa kipimo, kwa kawaida haina shida. Kinachotakiwa kuulizwa ni imechanganywa na nini, na ugonjwa wenyewe ni upi. "Nina matatizo ya misuli" haimsaidii daktari hata kidogo. Mpe jina kamili la ugonjwa, tena kwa maandishi.

Wapo waliorithi hali ambayo wakipewa kaputi (dawa ya usingizi wa upasuaji) mwili hupanda joto ghafla na misuli kukakamaa. Zamani hao walikatazwa lidokaini. Katazo hilo lilishaondolewa, ingawa bado utalisikia. Vichochezi ni gesi za usingizi kama halotheni na sevoflureni, pamoja na suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Ganzi kwao ni salama, hata yenye adrenalini, homoni inayochanganywa humo ili ganzi idumu zaidi.

Kwa wanaopooza kwa vipindi kwa sababu ya potasiamu kushuka, mambo ni kinyume. Adrenalini huisukuma potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya seli, na baadaye miguu ikagoma. Katriji (kichupa cha dawa ya ganzi) moja ya mililita 1.8, yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000, ina maikrogramu 18. Omba isiyo na adrenalini: mepivakaini ya asilimia 3, au prilokaini yenye felipresini, dawa ya kubana mishipa isiyo adrenalini. Kosa la kawaida ni kuchoma lidokaini tupu (isiyo na adrenalini), ambayo kwenye kiini cha jino hudumu dakika 5 hadi 10 tu. Ganzi inaisha kazi ikiwa katikati, mgonjwa anaumia na kushtuka, na mwili unamwaga adrenalini yake wenyewe, ile ile mliyoikwepa kwenye sindano. Mepivakaini hukupa dakika 20 hadi 40. Wala asipewe maji ya sukari "apate nguvu". Sukari nayo hushusha potasiamu.

Kwa Duchenne (udhaifu wa misuli unaoanza utotoni), na kwa distrofi ya mayotonia (misuli hudhoofika na kuchelewa kulegea ikishakaza), cha kuchunga zaidi ni moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kiwe cha karibuni, na hesabu ya dawa ifanywe kabla ya kufungua katriji. Mtoto wa kilo 20: miligramu 4.5 za lidokaini tupu kwa kila kilo ni 90. Dawa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, kwa hiyo mwisho ni mililita 4.5, yaani katriji mbili na nusu. Akiwa amenenepa kwa steroidi, tumieni uzito unaolingana na kimo chake, msiufuate mzani. Bupivakaini, ganzi inayodumu muda mrefu, tungeiacha: ikizidi huushambulia moyo, na ikiingia kwenye msuli huuharibu.

Mchomaji avute pistoni kwanza aone kama damu inaingia, kisha asukume polepole, mililita moja kwa dakika. Midomo ikifa ganzi hata upande usiochomwa, masikio yakivuma, au mdomo ukiwa na ladha ya chuma, aache hapo hapo.

Vidonge vya kutuliza wasiwasi visinywewe nyumbani, hasa kwa mwenye mayotonia, kwani pumzi yake hulegea kwa dozi ndogo. Kiti kisilazwe chali. Taya nalo huchoka upesi, kwa hiyo afunge mdomo na kupumzika kila baada ya dakika chache.