Kabla Hujanunua Waipa Mpya, Gusa Kioo

Kila masika yakianza, jamaa na majirani hunijia na malalamiko yanayofanana. Mmoja waipa zake zinakwaruza. Mwingine kioo kinaingia ukungu alfajiri akivuka daraja la Nyali. Wa tatu haoni kitu usiku. Taa za malori zikimjia kule Changamwe mwanga unatapakaa kioo kizima. Na wote hawa wana magari ambayo bado si ya zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mengi yanayoshushwa hapa Mombasa, bandari ya Kilindini, bado yana nguvu zake. Ndiyo maana wanashangaa: gari halina hata mkwaruzo, mbona mbele hapaonekani?

Mara nyingi huwa wameshanunua waipa mpya kabla ya kuuliza. Wako waliochagua za bei kali kabisa, na hali haikubadilika. Ninalowaambia ni jambo moja: usitoe pesa mpaka ujue tatizo liko upande gani wa kioo. Simamisha gari pembeni, pitisha kidole kwa ndani, kisha kwa nje. Pale kidole kitakapoacha mstari msafi ndipo penye kazi. Na kama hakuna unyevu upande wowote, ila kidole kinateleza na kuacha alama ya mafuta, basi kioo kina utando, na hakuna waipa itakayokusaidia mpaka uutoe.

Nianze na ukungu wa nje, maana huo ndio unaowachanganya watu wa pwani zaidi. Nina jirani, mama wa makamo, anayetoka Bamburi kabla ya alfajiri kumpeleka mtoto kituo cha treni Miritini. Siku moja nilimkuta kasimama nje ya geti lake, injini inawaka, kitambaa mkononi, anasugua kioo kwa ndani. "Mwanangu, nimeufuta huu ukungu mpaka mkono umechoka, hautoki." AC ilikuwa kwenye baridi ya mwisho na hewa yote imeelekezwa kwenye kioo. Nikamwambia, "Mama, hebu washa waipa mara moja." Akawasha. Kioo kikawa safi kabisa, na baada ya muda mfupi ukungu ukaanza kurudi kutoka chini, pale pale penye matundu ya hewa.

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, hasa usiku na alfajiri. Ukikipoza kioo kwa ndani, unyevu wa nje unaganda juu yake kuwa matone madogo sana, vile vile chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa ikiwekwa mezani. Ukisugua ndani unajichosha bure. Na ukizidisha baridi ukidhani unasaidia, unauongeza ukungu. Dawa yake ni kuelekeza hewa usoni au miguuni badala ya kwenye kioo, kupandisha joto la AC kidogo, na kupitisha waipa mara moja.

Hapa ndipo magari haya mapya yanapotuponza. Yana kitufe chenye alama ya kioo na mishale mitatu iliyopindapinda, na kila mtu anajua kwamba ni kitufe cha kuondoa ukungu. Kwa mtu wa Japani wakati wa baridi kinafanya kazi barabara, kwa sababu huko hewa inayotoka imepashwa moto. Sisi huku tumeacha joto kwenye nambari ya chini kabisa mwaka mzima. Ukikibonyeza, gari linawasha AC lenyewe na kupuliza hewa ya baridi moja kwa moja kwenye kioo. Ukiwa na ukungu wa nje, kitufe hicho kinakuzidishia. Kama unakitumia, pandisha joto kwanza.

Ukungu wa ndani ni kisa kingine. Huo unakuja mvua ikiwa inanyesha, abiria wameingia wamelowa, miavuli imewekwa sakafuni, na nyuma pengine kuna magunia ya mboga kutoka Kongowea. Watu wakipumua ndani ya gari lililofungwa, unyevu hauna pa kwenda. Tazama kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Kikiwa kimewaka, hewa ile ile yenye maji inazungushwa. Kizime, iingie hewa ya nje, na uache AC ikiwaka. Wengi huzima AC mvua ikinyesha kwa sababu wanasikia baridi, na hapo ndipo mambo huharibika: AC hukausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukiegesha ndiyo unyevu iliouondoa. Joto likiwa juu kidogo hutasikia baridi na kioo kitakauka upesi.

Kama ukungu wa ndani unarudi hata siku ambazo hukubeba mtu aliyelowa, inua zulia upande wa abiria uliguse. Likiwa na maji, fungua boneti utazame pale chini ya waipa, kwenye ule mfereji wa plastiki. Mji wetu una mikungu na miarobaini kila mtaa, na kila mtu hutafuta kivuli cha kuegesha. Majani hujazana kwenye mfereji, maji ya mvua yakakosa njia, mwisho yakatafuta njia ya kuingia kwenye tundu la hewa na kushuka hadi sakafuni. Wakati mwingine hufika kwenye mota ya waipa yenyewe. Kuyatoa majani kwa mkono hakugharimu kitu. Ukishayatoa, fungua pia kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kwenye magari mengi ya Japani filta ya hewa ya kabini iko nyuma yake. Ikiwa imejaa uchafu na imelowa, ibadilishe.

Sasa utando. Huu ndio unaoleta mwanga kutapakaa usiku, na ndio unaofanya waipa mpya ikwaruze kama ya zamani. Kwa nje unatokana na moshi wa dizeli wa malori ya kontena, chumvi ya bahari inayopeperushwa na upepo, vumbi, na ile nta ya kung'arisha wanayopaka waosha magari hadi kwenye kioo. Kwa ndani, gari likichomwa na jua plastiki za dashibodi hutoa mvuke unaogandia kwenye kioo, na gari likiwa halijachakaa mvuke huo ni mwingi zaidi. Juu yake ongeza ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Mimi nimeikataza kabisa kwenye gari langu. Inapendeza siku moja, kisha inahamia kwenye kioo, na dashibodi yenyewe inaanza kuakisi mwanga machoni mwako.

Kujua kama kioo ni kisafi, mwagia maji. Yakitandaa sawasawa, ni kisafi. Yakikatikakatika, huku yametandaa na kule yamekimbia, kuna utando. Ila gari lililotoka Japani karibuni huenda lilipakwa dawa ya kufukuza maji. Hapo utaona matone ya mviringo kila mahali, na hilo si uchafu. Dawa hiyo ikianza kuchakaa kwa vipandevipande ndipo waipa huanza kurukaruka, na ni afadhali kuitoa yote.

Mimi huosha kioo kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, nikakisuuza, kikikauka nikapitisha spiriti ya dukani kwa mwuza dawa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Kitambaa cha kwanza hutoka na weusi, nachukua cha pili. Ndani nasugua kutoka juu kwenda chini, nje kutoka kushoto kwenda kulia. Ikibaki michirizi, mwelekeo wake unaniambia iko upande gani. Fanya kazi hii kivulini, kwa sababu juani spiriti hukauka kabla hujapangusa. Kisha inua waipa upanguse raba yake kwa kitambaa kilicholowa mpaka iache kutoa weusi. Wako wanaopaka raba mafuta ya taa ili ing'ae. Tafadhali usifanye hivyo. Mafuta ya taa huivimbisha na kuiua raba, na mengine yanabaki kwenye kioo.

Baada ya hapo, kama waipa bado inapiga kelele, sikiliza inalia ikienda wapi. Raba ya waipa ina mdomo mwembamba unaolala upande mmoja ikienda, na kugeuka kulala upande wa pili ikirudi. Ikishakauka haigeuki, basi inasukumwa badala ya kuvutwa, na hapo ndipo inaporuka na kutetema. Ikilia upande mmoja tu, ama raba imezoea kulala upande huo kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, au mkono wenyewe umepinda kidogo. Magari ya kutoka nje husafiri melini na kukaa yadi juani, raba zimebanwa pale pale. Nikichukua gari la namna hiyo nabadilisha raba hata kama macho yanaziona nzima. Na miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua letu huzikausha bila mtu kujua kwa sababu hakuna mvua ya kuzijaribu. Ndiyo maana mimi hubadilisha mwisho wa Machi, mvua kubwa za Aprili na Mei hazijafika.

Ukienda kununua, pima zote mbili. Ya dereva kwa kawaida ni ndefu kuliko ya abiria, na wauzaji wengine hukupa mbili za urefu mmoja. Ndefu kupita kiasi itagonga nguzo ya pembeni au zitagongana zenyewe. Angalia pia ndoano ya kushikia, kwa sababu si zote zinazoingia kwenye mkono wa gari lako. Unapozitoa, tandika taulo nene juu ya kioo. Mkono mtupu ukiponyoka una springi kali, unaweza kupasua kioo kwa pigo moja, na bei ya kioo unaijua.

Katika magari mengi ya siku hizi waipa zimefichwa chini ya ukingo wa boneti. Ukizivuta kwa nguvu zitakwangua rangi. Yana namna ya kuzisimamisha katikati ya kioo kwa ajili ya kazi: kwa mengi, unazima gari kisha unasukuma au kuvuta mkono wa swichi ya waipa papo hapo. Kitabu cha gari kinaeleza. Kikiwa kwa Kijapani, picha zake zinatosha.

Kisha kuna sensa ya mvua, kile kidude nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Inarusha mwanga usioonekana ndani ya kioo. Kioo kikiwa kikavu mwanga unarudi wote, kikiwa na matone mwingine unapotea, na gari linajua kuna mvua. Utando au uchafu ukiwa mbele yake, waipa hujiendea zenyewe juani au hugoma kwenye mvua. Safisha hapo kabla hujamwita fundi wa umeme. Na ukipeleka gari kuoshwa, zima hali ya waipa kujiwasha zenyewe, la sivyo zitamkwangua kijana anayeosha kwenye vidole. Karibu na hapo pia kuna kamera ya kutambua mistari na magari ya mbele. Kioo chako kikipasuka na kubadilishwa, muulize fundi kabla hajaanza kazi kama ana uwezo wa kuipima upya kamera hiyo. Jibu likiwa "haina shida, itajipanga yenyewe", tafuta mwingine.

Maji ya kunyunyizia kioo nayo yanastahili neno. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi. Ukiyatia kwenye tangi, vitundu vya nozeli huziba na kioo kinabaki na madoa meupe ambayo baadaye waipa inayakwaruza. Tia maji matamu, na kama una maji yaliyotolewa madini, ni bora zaidi. Kitundu kilichoziba hufunguka kwa pini nyembamba, polepole.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakisafishwi kwa kitambaa. Nguzo za pembeni za kioo cha mbele katika magari mapya ni nene, zimetengenezwa hivyo ili kabini isipondeke gari likipinduka. Bodaboda nzima inaingia nyuma yake, na tuktuk pia ikiwa mbali kidogo. Kwenye mzunguko, au ukiingia barabara kuu ya Malindi kutoka mtaani, sogeza mwili mbele na pembeni kabla hujaingiza gari. Kugeuza macho hakutoshi. Mvua ikinyesha sehemu hiyo inaongezeka, kwa sababu waipa haiufikii ukingo wa kioo.

Na washa taa kwa mkono wako mwenyewe. Dashibodi ya gari jipya inawaka mchana kutwa na taa ndogo za mbele zinawaka zenyewe, basi dereva anaamini taa zake ziko sawa. Kwenye magari mengi, nyuma hakuna inayowaka, na swichi ya kujiwasha haioni sababu kwa sababu bado ni mchana. Lori linalokufuata kutoka Mazeras kwenye mvua, na maji yanayorushwa na magurudumu yote yale, linaona ukungu mtupu mahali ulipo. Zungusha swichi mpaka taa zenyewe ziwake, za mbele na za nyuma, na uache indiketa za dharura kwa ajili ya siku utakayosimama.