Mwambie daktari kwamba chakula huisha

Nilipoambiwa nina kisukari aina ya pili, nilipewa karatasi ya mlo. Milo mitatu, vitafunio viwili katikati, nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo protini. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikarudi kwenye nyumba ya watu tisa tunaokula chungu kimoja. Tena mimi ni mlinzi wa usiku, wenzangu wakila mchana nimelala. Hakuna aliyeniuliza hayo kliniki, nami sikuyasema.

Usiku mmoja, wiki ya mwisho ya mwezi, nilimeza kidonge changu cha glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kama kawaida. Chakula kilipopakuliwa nikaona hakitoshi. Nikasema nimeshiba, watoto wakala. Ilipofika saa tano niko kazini natokwa na jasho kwenye baridi, ufunguo unagongagonga kufuli hauingii. Nilidhani ni usingizi. Mwenzangu wa zamu, ambaye mama yake ana ugonjwa huuhuu, akanikorogea sukari kwenye maji, akanilazimisha ninywe. Tulipopima baadaye, glukometa, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu, ikasoma 2.9 mmol/L. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, na hapo nilikuwa nimeshakunywa.

Kilichoniuma zaidi ni kliniki iliyofuata. Kipimo cha HbA1c kilitoka juu, nikasemwa kwamba nakula ovyo. Haikuwa uongo. Hela ikiingia tulikuwa tunakula wanga wa bei nafuu hadi tunashindwa kuinuka, ikiisha tunaruka mlo. Lakini kipimo kile ni wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na wastani hauonyeshi usiku niliokaribia kuanguka. Kama ningenyamaza tena, ningeongezewa dozi ya dawa ileile iliyoniangusha.

Basi nikasema, macho yakiwa chini: daktari, mwisho wa mwezi chakula huwa kinaisha. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza nakula saa ngapi, nani anapika, siku gani hatuli. Kumbe dawa nyingine, kama ile yangu, huishusha sukari hata kama hujala, nyingine kama metformini ikitumika peke yake ni nadra kufanya hivyo. Akanibadilishia. Si kila mtu anafaa dawa hiyo, ila daktari hawezi kukuchagulia ipasavyo kama unamficha jikoni kwako kukoje.

Wala si aibu yangu peke yangu. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta watu wa kipato cha chini wakilazwa kwa sukari kushuka kwa asilimia 27 zaidi wiki ya mwisho ya mwezi kuliko ya kwanza. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Hao walikuwa wananisimulia mimi.

Kwa hiyo ukienda kliniki, kabla hujaulizwa, sema ni siku zipi chakula hupungua na unafanya kazi saa ngapi. Uliza waziwazi: nisipokula, kidonge hiki nimeze au niache? Wa insulini ndio waulize zaidi, kwa sababu kuikata kabisa kwa uamuzi wako ni hatari, hasa mwenye aina ya kwanza, na kuchoma dozi nzima tumboni hamna kitu ni hatari nyingine.

La pili, nenda na anayepika. Mimi nilikuwa narudi na maagizo kama polisi, mke wangu ananuna, na alikuwa na haki: hela ni ileile, sasa apike vyungu viwili? Alipoingia mwenyewe kwa mtaalamu wa lishe walielewana ndani ya dakika kumi. Chungu kimebaki kimoja, mafuta na chumvi vimepungua, mboga zinapakuliwa kwanza na wanga mwishoni. Watoto walilalamika siku mbili tatu. Wageni wa kusema "kidogo tu haidhuru" bado wapo, hao sijapata dawa yao.

Chakula changu cha usiku sasa kinatengwa kabla sinia halijafika mezani, nisipate nafasi ya kujifanya nimeshiba. Na kwenye koti la kazi, mfuko wa kushoto, kuna sukari gramu 15, kama kijiko kimoja kikubwa hivi. Nikihisi kutetemeka nameza, nasubiri dakika 15, napima tena. Mwenzangu wa zamu anajua mfuko ni upi.