Nahama, nauza vitu: siku tuliyouza vyombo chini ya mwembe Tabora

Dereva wa Fuso alikuja kwetu Isevya jioni moja, akapita chumba kwa chumba bila kusema kitu, akafungua stoo akaliangalia lile rundo la miaka kumi na moja, akatoka nje akaniambia mama, hivi vyombo haviingii safari moja. Na hiyo safari moja ya Tabora mpaka Morogoro alikuwa anataka 1,400,000. Ya pili hatuna. Baba watoto ameshatangulia kuripoti kituo kipya, nyumbani tumebaki mimi, mama mkwe na watoto watatu, na tuna wiki tatu tu.

Ndo tukaamua tuuze. Naandika hii kwa ajili yako wewe ambaye barua ya uhamisho imeshatoka, au mwenye nyumba kakupa notisi, unaviangalia vyombo hujui uanzie wapi. Maana mara ya kwanza tulipohama, kutoka Urambo kuja Tabora mjini, tuliita dalali akasomba vitu vyote kwa mkupuo, friji, kabati, magodoro mawili, kwa hela ambayo nikiikumbuka hadi leo roho inauma. Dalali akishajua una tarehe ya kuondoka anasubiri tu, anajua siku mbili za mwisho utakubali chochote. Safari hii tuliuza wenyewe, nyumbani, Jumamosi moja, tukapata 986,500. Haikufika nauli yote ya Fuso lakini ilibeba sehemu kubwa, na vilivyobaki vikaingia safari moja.

Cha kwanza kabisa ni siku. Mi nilichagua Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita na sikuichagua hivi hivi. Mishahara ilikuwa imetoka siku chache nyuma, ni kiangazi kwa hiyo hakuna mvua ya kuloanisha magodoro nje, wakulima wa tumbaku wengi nao wanakuwa wameshika hela kipindi kile, halafu wanaokwenda kidato cha tano wanakuwa wanajiandaa kuripoti mwezi wa saba. Ukiishi Tabora unajua maana yake, shule za bweni zimejaa pale, Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, na mzazi anatembea na karatasi yake ya mahitaji: tranka, godoro la tatu kwa sita, ndoo mbili, shuka, fagio. Tranka la kijana wangu wa kwanza na godoro lake viliondoka kabla hata sijamaliza kufungua geti. Kama wewe unahama mwezi wa kumi au wa kumi na moja basi walenge wa vyuo, kuna chuo cha reli, chuo cha nyuki, uhazili, AMUCTA, hawa wanapanga chumba kimoja na wanataka jiko dogo la gesi, feni, meza, ndoo, pazia. Januari usijaribu. Januari kila mtu anawaza ada na madaftari, atakuja atashika vitu atarudisha.

Sasa nini uuze nini ubebe, hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia kitu kilinunuliwa bei gani badala ya kuangalia kinakula nafasi kiasi gani kwenye gari na huko uendako kinapatikana kwa bei gani. Sofa zetu zilikuwa nzuri tu, ila seti nzima ingekula karibu robo ya Fuso na sponji zimeshaanza kulala, tukaziuza. Kitanda cha mninga na meza ya chakula hatukugusa. Mninga Tabora ni kitu cha kawaida, fundi yuko kila mtaa, ukitoka pale ndo unajua thamani yake, na kitanda ukikifungua kinakuwa mbao tu zinalala pembeni ya gari. (Misumari ya skrubu na nati zake weka kwenye soksi uifunge kwenye ubao wa kichwani, usizitie mfukoni.) Kabla ya kupakia tulipita ofisi ya maliasili kuuliza habari ya kibali maana njiani kuna mageti, na wewe ulizia mapema. Majaba ya maji, uza, ni makubwa na yanabeba hewa tupu. Au kama utabeba, yajaze nguo. Mtungi wa gesi uliojaa usiuweke kwenye gari moja na magodoro na nguo safari ya siku nzima juani, uza au mwachie ndugu.

Neti za kugawiwa bure zile usiziuze, gawa. Dawa zilizobaki kwenye kabati, hapana kabisa.

Wiki ile nzima tulipiga picha. Kila kitu kikubwa picha mbili, moja kwa mbele na moja ya ubovu wake kama upo, mlango wa kabati uliolegea nikaupiga hivyohivyo ulivyolegea, nikaweka status na kwenye magrupu ya mtaa, ya kanisani na ya wazazi wa shule. Kijiweni kwa bodaboda nikaacha karatasi. Kitu kimoja usiandike ni tarehe ya kuhama. Andika nauza vitu vya ndani, siku hii, kuanzia saa moja asubuhi, basi. Ukitangaza kwamba tarehe fulani vyombo vitakuwa vimefungwa kamba na mama yuko peke yake na watoto, umewaambia na wasiotakiwa kujua. Na mjumbe mwambie, akiona siku hiyo watu wanatoka kwako na mativii mabegani asishtuke.

Ijumaa jioni nikaongeza luku. Hili naomba ulishike maana ndo lililouza friji. Nilivuta waya wa ekstensheni kupitia dirishani mpaka chini ya mwembe, friji ikawashwa tangu saa kumi na mbili jioni ndani, asubuhi tukaitoa nje taratibu ikiwa imesimama wima na kuchomekwa tena, na kwenye friza kuna vikombe viwili vya barafu. Mama mmoja alifika na mwanae, akafungua, akaingiza mkono akashika ile barafu, akaubonyeza mpira wa mlango kwa kidole kuanzia juu mpaka chini, akaufunga, akaweka sikio ubavuni kusikiliza mota inavyounguruma. Hakuniuliza kama ni nzima. Aliniuliza tu mwisho ngapi. Feni inazunguka, redio inaimba, pasi unaigusa ina moto, mtu akijionea mwenyewe mnajadili bei na sio uzima.

Bei tuliandika kwenye selotepu ya karatasi kwa maka peni, kila kitu. Vidogo vidogo tukavitandaza kwenye turubai mbili, moja kila kitu 500 na nyingine kila kitu 1,000: vijiko, vikombe, hotipoti zilizopoteza mifuniko, viatu vya shule vilivyowabana watoto, vitabu. Kumbe hizo turubai ndo zinazoweka watu, mtu anakuja kuangalia kikombe anaondoka na kabati. Chenji nilitafuta tangu Alhamisi, noti za elfu moja moja na sarafu, maana wa kwanza wote walikuja na Msimbazi, noti za elfu kumi.

Nyumba yenyewe funga. Vya kuuza vyote vitoke nje, visivyouzwa vikae chumba kimoja na ufunguo uwe shingoni kwako. Kila droo ivute mpaka mwisho uitoe kabisa uangalie na nyuma yake. Mimi niliuza kabati la vyombo na kadi ya kliniki ya kitinda mimba ilikuwa imedondokea nyuma ya droo, jioni yule kaka aliyelinunua ndo akairudisha kwa bodaboda, Mungu ambariki. Na simu za zamani futa kila kitu kabla ya kuuza. Kwa tivii na simu, andikianeni hata karatasi ya mkono, nani kamuuzia nani na tarehe, sahihi zote mbili, itamsaidia mnunuzi siku akiulizwa kaitoa wapi.

Sasa nije kwenye kinu, kwa sababu bila hicho nisingeandika.

Watoto niliwaambia kila mmoja atoe vya kwake na hela ni yake, na wakachangamka sana, wakawa wanabeba vitu kutoka kila kona. Katika kubeba wakatoa na kinu cha mama mkwe kilichokuwa nyuma ya jiko la nje. Sikuona. Saa tatu hivi mama mmoja akasimama mbele yake, akamwamkia mama mkwe mwangaluka mayu, akauliza bei, binti yangu akasema elfu tano, mama akatoa elfu tano. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele, mikono ikasimama. Hakusema neno. Akaendelea kukiangalia kile kinu kinavyopakiwa kwenye guta, na mimi ndo nikamwona macho yake. Nikaenda nikamchuchumalia, mama vipi, akaniambia hakuna kitu mwanangu, nyie uzeni. Nikauliza tena. Ndo akasema kile kinu alichongewa na baba yake Sikonge wiki aliyoolewa, na mdomo wake umepinda upande mmoja kwa sababu yake yeye, alikuwa anatwanga kwa mkono wa kushoto.

Nilimkimbilia yule mama barabarani. Nikamweleza, akashuka, akakitazama kinu, akasema dada, cha bibi siwezi kubeba, nipe elfu tano yangu. Nikamwongezea sufuria, akakataa, akachukua hela yake tu.

Kwa hiyo nakuomba, jioni ya kuamkia siku ile kaa na watu wote wa nyumbani, wazee kwa watoto, mpite mkigusa kitu kimoja kimoja, hiki kiende? Na mzee usimuulize mbele ya watu kwa sababu atasema uzeni. Wazee wetu hawapendi kuonekana wanazuia mambo ya watoto wao. Muulize mkiwa wawili. Na mtoto naye, akisema hapana kwa mdoli mmoja uliokatika mguu, mdoli uende Morogoro, haumalizi nafasi.

La mwisho lenye uzito ni mkopo. Majirani watakuja, niwekee nitakulipa mwisho wa mwezi, na ni watu mliokula nao, waliokushikia mtoto ukiwa hospitali. Mimi niliwapa watatu. Wawili wamelipa. Wa tatu, aliyechukua jiko, hakulipa, na kinachoniuma sio ile 45,000, ni kwamba sasa hapokei simu yangu, na mimi namkumbuka kila nikipika maandazi maana yeye ndo alinifundisha. Ningempa lile jiko bure ningekuwa bado na rafiki Tabora. Tangu hapo nasema, jirani unayempenda mpe, mwambie hii zawadi yako, na usiyeweza kumpa mwambie kwa upole ni taslimu tu tunahitaji nauli. Katikati ya hapo usikae. Na anayelipa kwa simu, usiangalie meseji anayokuonyesha kwenye simu yake, angalia salio lako wewe ndo kitu kitoke getini.

Saa tisa tukafunga. Bei tulishaanza kushusha tangu saa saba, vilivyobaki nguo na vyombo vya plastiki tukawapelekea watu waliotusaidia kubeba siku ile wakagawane.

Halafu acha vya usiku wa mwisho, watu wanasahau. Jiko moja la mkaa, sufuria moja, ndoo, sahani za kutosha, mikeka. Sisi godoro la mwisho tulimwachia mama mkwe, mimi na watoto tukalala kwenye mkeka sebuleni, sauti zinarudi ukutani kwa sababu hakuna kitu. Saa kumi na moja alfajiri Fuso likapiga honi. Kinu kilipanda cha kwanza, tukakijaza vikombe vilivyofungwa kwenye kanga, na mama mkwe mwenyewe ndo alimwonyesha utingo pa kukiweka.