Shangazi, wenzangu wote wamerudi duniani, mi bado nipo ndani

*Shikamoo Shangazi. Mi ni dada wa miaka 34, kabla ya korona nilikuwa mtu wa watu kweli, hakuna sherehe inanipita. 2020 tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani nikazoea mazima. Sa hivi bosi anataka siku tatu kwa wiki ofisini. Nikiingia kwenye lifti moyo unaenda mbio, mtu akikohoa nashuka hata kama siyo floo yangu. Marafiki nimewapiga chenga mpaka wameacha kunialika. Mama alifariki 2021, safari zilikuwa zimefungwa, alizikwa na watu nane mi nikaangalia kwenye simu, mpaka leo sijafika kaburini. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa. Je mi ni mgonjwa au nimekuwa mvivu tu? – Wa Ndani*

Marahaba mwanangu. Uvivu toa kabisa, mtu mvivu hashuki lifti akapanda ngazi floo sita.

Na usidhani uko peke yako, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka ule wa kwanza tu wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 dunia nzima. Afu tarehe 5 Mei 2023 hao hao wakatangaza hali ya dharura imeisha. Sawa, imeisha kwenye karatasi, ila mwili haujasoma hilo tangazo, miaka mitatu unafundishwa kwamba pumzi ya mwenzio ni hatari halafu unaambiwa haya sasa kumbatianeni!

Ishu ya lifti iko hivi. Ukishuka moyo unatulia, si ndiyo? Basi kichwa kinaandika kwamba kushuka ndo kumekuokoa, na kesho yake kinakushusha mapema zaidi. Kwa hiyo dawa ni kubaki humo humo moyo ukiwa bado unadunda, floo moja ya ziada, kesho mbili, mpaka kichwa kione kwamba hofu hupanda ikafika mahali ikashuka yenyewe bila wewe kukimbia. Anza asubuhi sana kabla watu hawajajaa. Barakoa ukitaka vaa, chumba kimejaa na madirisha yamefungwa ina kazi yake kwa sababu kirusi kinaelea hewani, ila uko peke yako barabarani na bado umeivaa, hapo mwanangu imeshakuwa hirizi.

Bosi mwandikie mwenyewe, usimtume mtu. Omba uanze na siku moja kwa wiki, mwezi unaofuata mbili, mpe na tarehe kabisa ili asione unamzungusha.

Marafiki tuma meseji fupi, "nimewamiss, nilipotea, naomba nije". Usiseme ulikuwa bize, hakuna mtu anayekuwa bize miaka yote hiyo na wenyewe wanajua.

Sasa tuje kwenye kile ulichokipitisha harakaharaka. Barua yako nimeisoma mara mbili, mama umempa sentensi moja tu, kaminywa katikati ya marafiki na harusi kama mtu asiyetakiwa kuonekana. Mi nadhani (naweza nikakosea, ila nimeyaona haya sana) kwamba korona unayoiogopa sa hivi ni kidogo, unachokwepa ni watu kwa sababu watu ndo watakaokwambia "pole na mama" na wewe hiyo pole hujawahi kuipokea uso kwa uso, ulilia na simu. Ukikaa ndani mama ni kama yuko tu kwake hajapiga. Na harusi ndo inakutisha zaidi, ukoo wote pale, nafasi yake wazi, kila mtu anakutazama wewe.

Basi usingoje siku hiyo. Mchukue mdogo wako, wawili tu, mwende kaburini kabla ya harusi, kaeni mtakavyokaa, lieni, na yeye ana lake maana anaolewa bila mama. Siku yenyewe fika mapema watu wakiwa wachache, mwambie ndugu mmoja unayemwamini kwamba ukimtazama namna fulani akutoe nje dakika kumi. Kutoka ruksa, ila urudi ndani, usiite teksi.

Kama usingizi umepotea, au kutoka mlangoni tu kumekushinda, tafuta mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, wanaitibu hii na watu wanapona. Na kama korona yenyewe ilikupata na tangu hapo unachoka ovyo au pumzi inakata, hilo mwambie daktari, usilibandike jina la woga, maana ule ugonjwa wengine umewaachia uchovu wa muda mrefu.

Niandikie ukishatoka kwa mama, ya harusi utanisimulia baadaye.